Siku Nilipoirudisha Nyuma Sauti ya Mama

Nikienda Ndalambo, kijijini kwa ukoo wetu, wakati ulezi unakomaa, naona mashamba yanametameta. Watu wamefunga CD za zamani kwenye nyuzi na kuzitundika juu ya vijiti, jua likizipiga, ndege wanaogopa. Mwaka huu nilisimama pembeni mwa shamba moja nikaanza kusoma maandishi ya kalamu nzito juu ya zile CD. Kwaya, ya kwanza. Kwaya, ya pili. Harusi ya watu nisiowajua. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye jembe begani, akanicheka.

"Dada, unatafuta picha ya kuangalia? Hizo siku hizi wanaangalia ndege kina kwezi tu."

Nikacheka naye. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Tuliona mambo matatu yakizaliwa na kufa kabla hatujaota ndevu au matiti: mikanda, VCD, kisha DVD. Kila kimoja kilipoingia mjini kwetu Tunduma tuliambiwa hiki sasa ndicho cha mwisho. Mimi katikati ya vitu hivyo vitatu nilipoteza nyumba, shule na mdogo wangu mmoja. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilivipoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba alikuwa na kibanda cha video. Kilikuwa cha mabanzi, kimezibwa kwa maturubai meusi ili mchana uwe giza ndani. Kulikuwa na televisheni moja, deki moja ya mikanda na mabenchi yaliyokuwa yanachana nguo. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mikanda nyuma. Filamu ikiisha, baba ananipa mkanda bado una joto, naupachika kwenye kimashine kidogo cha kurudishia, nabonyeza, unalia kama nyuki mpaka unafika mwanzo na kugonga: tak. Mpaka leo nikinusa vumbi la moto juu ya plastiki nasikia ile tak. Baba hakuvumilia mkanda usiorudishwa. Alikuwa akisema, "Mage, usipourudisha, mtu mwingine akiuweka atakuta watu wameshamaliza kuongea. Ataona giza tu." Nililishika hilo kama amri ya kanisani. Kitu kikitazamwa mpaka mwisho, lazima mtu akirudishe mwanzo.

Kisha kaka yake baba, yaani baba mkubwa wetu, akafungua kibanda chake upande wa pili wa barabara. Yeye aliingia na VCD. Filamu moja ilikuja kwa CD mbili, kwa hiyo katikati walisimama kubadilisha, lakini picha ilikuwa safi na haikurukaruka. Ndani ya miezi michache watu walivuka barabara. Baba mkubwa alikuwa mtu wa utani, na utani wake alikuwa anautupia barabarani ili watu wasikie.

"Mdogo wangu! Bado unarudisha nyuma? Wenzako huku tunakwenda mbele!"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye alicheka. Mimi niliona mkono wake ukishika turubai kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwaka ule ule kifua kikamshika, akalala, hakuamka. Mikanda ilibaki chini ya kitanda, panya wakazalia humo. Baba mkubwa alikuja akauvuta utepe mweusi kwa mita na mita, akafungia uzio wa nyanya zake. 

Tulibaki wanne: mama, mimi, Aidani aliyenifuata, na Eliza aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Haukupita muda mrefu mama naye akaanza kukonda. Alijua. Kwetu Wanamwanga, mtu akishazikwa, ukoo unakaa siku ya kuanua matanga. Hapo ndipo nyumba inapata mwenyewe na watoto wanapata pa kwenda. Marehemu akiwa ameacha neno, linasikilizwa kwanza. Asipoacha, wazee ndio wanaosema. Mama alikuwa mjane, na nyumba ilijengwa na baba. Alijua kwamba neno lake likibebwa na mdomo wa mtoto wa darasa la tano halitafika popote. Kwa hiyo akamwita kijana aliyekuwa akipiga picha za video kwenye harusi.

Siku hiyo nilitumwa kisimani. Nilipoambiwa nirudi tena mara ya pili nikaelewa kwamba sitakiwi. Siku mbili baadaye kijana alileta CD ndani ya kasha jembamba la plastiki.

"Hii ni DVD, mama. Ndiyo ya kisasa. Haichakai hata wajukuu watakukuta."

Alipoondoka, mama alinikabidhi. "Itazamwe siku ya kikao, mbele ya wazee wote. Siyo kabla. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Wewe umeshaiona?"

"Tumeiangalia kwenye mashine yake mpaka mwisho. Imetoka vizuri."

Mpaka mwisho. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo.

Mama alipozikwa, siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa nje wanaota moto na wanawake wanasonga ugali, niliiingiza ile CD ndani ya sketi nikamwita Aidani nyuma ya choo. Nilimweleza tatizo letu. Mama na yule kijana wameitazama mpaka mwisho, na hakuna aliyesema kwamba ameirudisha. Kesho wazee wataiweka wakute giza. Aidani, ambaye hajawahi kunibishia jambo lolote la mashine kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kurudisha, aliuliza swali moja tu.

"Sasa utairudishaje na haina utepe?"

"Kwani unaizungusha. Si ndivyo inavyozunguka ndani? Mimi nitaizungusha kinyume."

Nilipitisha kidole katika tundu lake. Nikaipiga kwa mkono wa pili, ikazunguka kuelekea kushoto. Rangi za upinde wa mvua zikapita usoni mwa Aidani. Tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona kama watu walioko ibadani.

"Inatosha?"

"Bado. Mama aliongea sana. Nilienda kisimani mara mbili."

Basi nikaendelea. Nilizungusha mpaka kidole kikachubuka. Hakukuwa na tak ya kuniambia kwamba nimefika. Hilo lilinitia wasiwasi, kwa maana mkanda unasema wenyewe ukifika mwanzo, lakini hii ingeweza kupita mwanzo ikaendelea kwenda, nami nisijue. Mwishowe nikaacha kwa kukisia tu.

Kesho yake kikao kilikaa sebuleni kwetu. Wazee walikuwa wametoka Ndalambo, wakulima wa ulezi na mahindi, na aliyeongoza alikuwa Babu Simoni, mjomba wa baba, mzee mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu alinyamaza ili aisikie. Upande wa mama alikuwepo mama mdogo peke yake, mdogo wake mama, aliyevuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, alikoolewa. Yeye alikuwa hajajaliwa mtoto. Eliza alilala mapajani mwake.

Nilitoa CD. Nilisema kama nilivyoagizwa. Babu Simoni akaitikia kwa kichwa, akasema neno la marehemu lisikilizwe. Baba mkubwa akasimama upesi, mwenye msaada mwingi. "Mashine naleta mimi," akasema. Akavuka barabara, akarudi na deki kwapani, akaiunganisha kwenye televisheni ya baba. Akaweka CD ya mama. Mashine ikazunguka, ikalia kidogo, ikazunguka tena. Kisha maandishi ya kijani yakatokea kwenye kidirisha chake.

"Mage," akaita baba mkubwa, "wewe ndiye msomi humu ndani. Njoo uwasomee wazee."

Nilipiga magoti mbele ya ile deki. "No disc."

"Kwa Kiswahili, mama. Wazee hawajasoma Kiingereza."

"Hakuna... hakuna CD."

"Yaani?"

"Yaani inasema hakuna kitu."

Mama mdogo akainua kichwa. "Labda mashine mbovu. Jaribuni nyingine, jamani."

Baba mkubwa hakukasirika. Alitoa mfukoni CD ya kwaya, akaiweka, na papo hapo waimbaji wakajaa kwenye kioo wakiyumba kushoto na kulia. Mzee mmoja akaanza kuimba nao bila kujijua. Baba mkubwa akazima. "Mashine nzima," akasema. "Shemeji alikuwa mgonjwa. Labda kijana wa harusi alimdanganya tu, masikini."

Kama ningenyamaza hapo, sijui. Labda mama mdogo angeendelea kubisha. Labda Babu Simoni angeagiza yule kijana aitwe. Lakini sikuweza kumsikia mama anaitwa mtu aliyedanganywa wakati aliyeharibu nilikuwa mimi. Nikasema kwa sauti, bado nimepiga magoti:

"Ni mimi. Jana nimeirudisha nyuma nikaizungusha sana. Nimepitiliza. Nimeimaliza."

 Wale wazee walijua kaseti za redio. Waliwahi kuona utepe ukichomoka ukaisha. Kwao nilichosema kilikuwa na maana kabisa. Mtu pekee pale ndani aliyejua kwamba CD hairudishwi nyuma, na kwamba ile deki haikuwahi kusoma DVD tangu ilipotengenezwa, alikuwa baba mkubwa. Kwenye kibanda chake alikuwa na deki mbili, na alikuwa amechagua ya kuleta.

Alinitazama. Nilidhani ni huruma. Nakumbuka hata nilimshukuru moyoni kwa kutonigombeza. Akaweka kiganja kichwani pangu, akawageukia wazee.

"Mmemsikia mtoto. Kaizungusha mpaka imekwisha. Tusimpige. Ni utoto."

"Tusimpige," Babu Simoni akakubali.

Hawakunipiga. Walitugawa tu. Nyumba ikakaa chini ya baba mkubwa, "aitunze mpaka watoto wakue." Aidani apande lori na Babu Simoni kwenda Ndalambo. Mimi niende kwa baba mkubwa nisaidie kibandani, na nilipouliza habari za shule akasema shule haikimbii, ipo pale pale. Kisha ikabaki Eliza, na mama mdogo akasema kwa sauti ya kuogopa kukataliwa, "Huyu niachieni mimi." Hakuna aliyekataa. Jioni hiyo hiyo alivuka naye. Eliza alikuwa ananipungia mkono kwa furaha, anadhani anapelekwa kununuliwa biskuti. Aidani hakulia. Aliniuliza tu, wakati lori linawasha, "Kwa nini hukuacha nilipokuuliza inatosha?"

Ile CD baba mkubwa alinirudishia mwenyewe. "Kaa nayo, kumbukumbu ya mama." Niliilalia chini ya godoro kama mtu anavyolalia kosa lake.

Nilikaa kwenye kile kibanda nikifagia maganda ya karanga na kuandika majina ya filamu kwenye ubao wa nje. Sikuruhusiwa kugusa mashine. Wakati wote huo niliomba msamaha kwa mama kila nilipopita karibu na kitu chochote kinachozunguka: gurudumu la baiskeli, cherehani, feni. Mnaweza kucheka. Hata mimi nikimsimulia mtu leo natafuta mahali pa kuchekea, ili asinionee huruma.

Halafu mchana mmoja baba mkubwa alikuwa na kichwa kinamuuma, akaniambia niweke filamu mwenyewe. Niliichukua CD ya filamu aliyonipa, nikaiweka kwenye deki iliyokuwa karibu, ile ya chini. Ikazunguka. Ikalia. Maandishi ya kijani yakatoka, yale yale.  Nilidhani nimeharibu nyingine kwa kuigusa tu.

Baba mkubwa akanipiga kisogoni. "Mjinga wewe! Hiyo ni ya VCD. Hii uliyoshika ni DVD. Humo haisomwi hata ukiilaza mwaka mzima. Weka ya juu!"

Wateja wakacheka. Mmoja akasema, "Bosi, mfundishe mtoto, hata bibi yangu anajua hiyo."

Niliweka ya juu. Filamu ikaanza. Nilibaki nimesimama mbele ya kioo mpaka watu wakanizomea nitoke wanashindwa kuona. Kuna mambo mtoto anayaelewa polepole na mengine yanamwangukia yote kwa pamoja.

Nilingoja Jumapili. Baba mkubwa na mkewe walipokwenda kanisani nilijifanya naumwa tumbo, nikafungua kibanda nikajifungia ndani, nikaweka CD ya mama kwenye deki ya juu.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, amefunga kitambaa kichwani kwa namna aliyokuwa akifunga siku za Pasaka. Alikohoa kwanza. Kisha akaongea, akitazama pembeni kidogo, kama anaona haya. Alisema nyumba ni ya watoto na isiuzwe. Alisema, "Mage asome. Hata wakikosa chumvi, Mage asome." Alisema Aidani asitengwe na mimi kwa sababu analala vizuri akiwa karibu yangu. Nilikuwa nalia na kucheka. Kisha akageukia dirishani, nikadhani imeisha.

"Eliza nampa mdogo wangu," akasema. "Bado sijamwambia, lakini najua hatakataa. Akibaki na wenzake, Mage ataacha shule amlee. Huyu ni mdogo, atanisahau mapema. Ni heri amsahau na Mage pia."

Hapo akaomba maji, na picha ikakatika.

Niliitazama mara mbili. Sikutaka mara ya tatu. Wiki hiyo nilidandia lori la mahindi mpaka Ndalambo kwa Babu Simoni, nikamweleza habari ya nyumba, ya shule na ya Aidani. Habari ya Eliza sikuitaja. Nilijiambia kwamba nitaitaja baadaye. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho huku anatengeneza mpini.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi peke yangu, babu."

"Na ulituambia wewe mwenyewe kwamba umeizungusha ikaisha. Leo imejijaza?"

"Babu, nilikuwa sijui. Baba mkubwa alijua."

"Matanga yameshaanuliwa, mwanangu. Siwezi kuwaita watu waje kulia upya kwa sababu ya mashine." Akanipa mahindi ya kuchoma nile njiani.

Niliporudi, baba mkubwa alikuwa ameshapata habari. Sikupigwa siku hiyo. Alisema tu, akiwa anafuta kioo cha televisheni, "Mimi sikukutuma useme vile. Ulisema mwenyewe." Na hilo ni kweli. Ndiyo maana lilikaa ndani yangu kuliko kipigo.

Sitawachosha na yaliyofuata. Niliondoka kwake nikiwa na miaka kumi na minne, nikauza viazi vya kukaanga karibu na foleni ya malori, nikapanga chumba, nikamfuata Aidani. Alimaliza shule. Leo ni fundi umeme, ana watoto wawili. Nyumba ya baba iligeuzwa stoo ya saruji, hatukuipata. Nilikwenda pia Nakonde kumchukua Eliza. Nilimkuta uani anaruka kamba. Nilimwita, akanikimbia akajificha nyuma ya mama mdogo, akauliza kwa Kibemba mimi ni nani. Mama mdogo alitaka kumlazimisha anisalimie. Nikamwambia amwache. Kama mama alivyosema, alikuwa amesahau.

Baba mkubwa alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita ukoo ulikutana kulijengea kaburi lake, na desturi yetu ni kwamba kila mtoto wa ukoo abebe ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji. Eliza alivuka kuja. Sasa ni mwanamke mzima, mwalimu, anazungumza Kiswahili kwa kukanyaga maneno kama watu wa ng'ambo. Asubuhi ile alinikuta naosha vyombo, akakaa kwenye kibao.

"Dada, mama mdogo ameniambia ile DVD ya mama ulikuwa nayo wewe. Kuna kijana Tunduma anahamisha za zamani kwenye flashi. Nipe nimpelekee. Sijawahi kusikia sauti yake."

DVD ipo. Iko kwenye sanduku langu, imefungwa kwa kitambaa, na inasoma. Deki ninayo.

"Imeharibika," nikasema. "Ilipata ukungu. Haitoi hata picha."

 Kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri tangu nikiwa mtoto. "Mama mdogo anasema wewe uliiona. Mimi alinisema nini?"

"Alisema tusitengane. Sote watatu."

"Kwa hiyo ni baba mkubwa ndiye aliyenitoa kwenu."

Nilisuuza sahani iliyokuwa imeshatakata. Nilifikiria yale aliyotufanyia, ambayo ni mengi na ni ya kweli, na hili moja ambalo hakulifanya.

"Ni yeye," nikasema.

Eliza akalia. Kisha akapangusa uso, akasema, "Awe, dada. Hapana. Mimi kaburi lake sibebei maji." Akavaa viatu, akaenda stendi, hakuaga hata wazee.

Sikumzuia. Walipoanza kuita majina, nilichukua ndoo yangu nikateremka mtoni, nikapanda, nikamwaga kwenye saruji. Kisha jina la Eliza likaitwa, likaitwa tena, watu wakaanza kutazamana. Nikaiokota ndoo nikateremka mara ya pili.